Usiku Mmoja Kutoka London

Nikisikia harufu ya kafuri, hata leo, hunijia uwanja wetu wa Munje, mchanga uliofagiwa alfajiri, na mama ameketi kizingitini akiitazama njia ya Msambweni.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kaka yangu Hamisi alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma London, na tangu aondoke mama hakutulia. Siku moja alinifuata shuleni, akamwomba mwalimu amwonyeshe alipo mwanawe. Mwalimu alitandaza ramani, akavuta uzi kutoka Nairobi hadi London, akasema ni zaidi ya maili elfu nne. Mama alishika kichwa. Mwalimu akamwonea huruma, akamwambia kuwa ndege za siku hizi huzimaliza kwa usiku mmoja.

Usiku huo mmoja ndio aliorudi nao nyumbani. Kwenda kwao Kinango, kwa bibi mzaa mama, mvua ikiharibu barabara, tulikuwa tukilala njiani mara mbili. Basi kila aliyemuuliza habari za Hamisi alijibiwa kwamba yuko karibu kuliko bibi. Wanawake wa kisimani walimtania, wakamwita jirani wa Wazungu, naye akicheka.

Kisha baba akafa, ghafla, baada ya sala ya alfajiri. Mama hakulia kwanza. Alimtuma jirani mwenye baiskeli aende posta Msambweni kumpigia Hamisi telegramu, ndipo akamwita ami Juma, mdogo wake baba, aliyesimamia mazishi.

"Shemeji, mngojeeni mwanawe. Ni usiku mmoja tu."

Kwetu maiti halazwi hadi kesho yake. Anayekufa alfajiri huzikwa adhuhuri.

"Mama Hamisi," ami alisema, "kumkirimu maiti ni kumzika."

"Sibishani na dini, shemeji. Namtakia mtoto auone uso wa babake."

Ami akaenda zake makaburini. Nilimchukia.

Adhuhuri ikapita. Tukasikia kwamba ami amewarudisha wachimbaji shimoni, ati mwanandani, lile shimo la ndani anamolazwa maiti, ni mwembamba. Baadaye tukasikia umepinda. Vijana walinung'unika, na mzee mmoja akamuuliza kama amesahau kuchimba kaburi. Alasiri ikaingia, baba angali ukumbini amekafiniwa na kutiwa kafuri, mama haondoi macho njiani. Jua lilipokaribia kuzama ami alirudi, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya mama.

"Shemeji, sina tena la kufanya."

Nilidhani anasema juu ya kaburi.

Hamisi hakuja kesho yake, wala mwaka ule. Telegramu ilimfikia Hamisi baba ameshazikwa jioni ile, naye hakuwa na njia ya kuipanda hiyo ndege. Mwalimu hakusema uongo. Ila ule usiku mmoja huanza mtu akishakaa kitini, na hakuna aliyetuambia kiti chenyewe kiko umbali gani.

Nimekua, nimeona misiba mingi. Mchanga wa Munje ni laini. Kaburi huchimbwa likaisha kabla jua halijawa kali. Ami alijua tangu asubuhi kwamba hakuna atakayekuja. Alimpa mama mchana mzima, na zaidi ya hapo hakuwa na ruhusa ya kutoa. Mama hakuwahi kumshukuru, nami sikuwahi kumwambia kuwa nimeelewa. Alipokufa ami, tulimzika adhuhuri.