Dawa ya Zambarau Siku ya Ubatizo

Haya, sogeeni niwasimulie mwenyewe, maana najua mmeshaisikia vipande vipande na kila mtu ameongeza chumvi yake (na chumvi, mtaona, ndiyo iliyoniumbua). Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni pa kanisa, mbele ya padre, wakwe na nusu ya watu wa Kishanda, nikataja matiti yangu kwa sauti kubwa. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na wazimu. Nilikuwa mzazi wa mara ya kwanza, chuchu zimepasuka, kiburi bado kizima.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa hajaondoka. Mimi ni msichana wa Bukoba mjini, nimesoma kwa masista nikajua kushona, kupiga pasi na kuamini kwamba duniani hakuna jambo lisilotaka sabuni, kisha nikaolewa na Mwalimu Rwegasira nikapelekwa Kishanda kwenye kibanja cha mama yake, migomba mbele, migomba nyuma, buni zimeanikwa uani. Mama mkwe nilimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya, kama wanawe walivyomwita. Alikuwa mpole, kutwa anatafuna akamwani, zile buni zetu za kuchemsha na kukausha, na hasemi sana. Msemaji alikuwa wifi yangu Koku, dada mkubwa wa Mwalimu, ameolewa Nshamba, mwaka wa saba huo bila mtoto, na tangu nijifungue alikuwa amehamia kwetu kunitunza.

Siku ya pili tu baada ya kuzaa, Mawe alinijia na kibuyu kidogo cha siagi mbichi isiyo na chumvi. "Mwanangu, nyonyesha nikutazame," akasema, "nikuonyeshe anavyoshikwa."

"Asante, Mawe," nikajibu, "tulifundishwa shuleni."

Uongo mtupu! Masista watufundishe kunyonyesha? Tulichofundishwa ni usafi, basi mimi kila nikitaka kumnyonyesha mtoto najisugua kwanza kwa sabuni ya mche na kitambaa kikavu kama nasugua sufuria, halafu nakaa wima kama mtu anayepigwa picha, nampa mtoto ncha tu ya chuchu, nikiona huo ndio ustaarabu. Wiki ya pili haikuisha, nyufa zikatokea, damu ikatokea, na kila Mugisha wangu akishika, vidole vya miguu vinajikunja vyenyewe. Ili nisisikike nikilia nikawa naimba nyimbo za kanisani. Naimba kwa nguvu! Mawe akawaambia majirani kwamba mkamwana wake ana ibada sana.

Nikaanza kumwachisha mtoto kabla hajashiba, yeye akaanza kulia kutwa na mashavu yakapungua, na wifi Koku hakuwa mtu wa kufumba macho. "Mke wa kaka," akaniambia wiki ile ya ubatizo, "mtoto hashibi. Akibatizwa Jumapili bado analia hivi, naondoka naye Nshamba. Nina ng'ombe amezaa juzi." Na hakuwa anatania, kibuyu cha maziwa alikuwa ameshakiosha na kukifukiza moshi, kimetundikwa pale ukutani nakiona kila nikigeuka. Mwalimu nilipomtazama anitetee, akainamia madaftari yake. Nawaambia kweli, nilikiogopa kile kibuyu kuliko nilivyoogopa uchungu wa kuzaa, kwa sababu nilijua mtoto akienda Nshamba kwa mtu mwenye hamu ya mtoto namna ile, kumrudisha kutakuwa kazi.

Jumamosi akaja Mwanaidi kunipongeza. Huyu tulikua naye mjini, nyumba yao na yetu zilitazamana, na alikuwa amepanda lori lililokuja kuchukua kahawa. Yeye peke yake nilimwambia. Akacheka kwanza (rafiki gani huyu), kisha akatoa kwenye mkoba chupa ya ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. "Sikiliza vizuri. Tone moja kwenye kikombe cha maji. Unapaka kidogo, inakauka, na kabla hajanyonya unafuta. Na ukizidiwa mwambie mama mkwe, usijifanye jeuri."

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Jumapili asubuhi wenzangu wapo uani wanajipamba, mimi chumbani nimeishika ile chupa, nikajiambia, kama tone moja linasaidia, je, nikipaka yote? Nikapaka yote. Nikaweka vitambaa juu, nikavaa blauzi yangu nyeupe ya harusi, nikatoka nimenyooka kama bibi arusi.

Misa inakaribia kwisha, Mugisha akalia. Nikatoka naye hadi nyuma ya kanisa, nikajifunika kanga, nikamnyonyesha bila kufuta kitu, maana kufuta nilikuwa nimesahau kabisa kwa haraka na hofu ya wifi. Akanyonya, akasinzia, na mimi hata sikumtazama, nikamrudisha mikononi mwa wifi Koku, ambaye ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo, naye akamlaza uso ukiwa umeelekea kifuani kwake. Wifi alikuwa amevaa gauni jeupe jipya. Mtoto amevaa gauni la ubatizo la ukoo, jeupe, la lesi, alilobatiziwa baba yake.

Siku hizo ubatizo ulianzia mlangoni pa kanisa, na padre alikuwa anamtia mtoto chumvi kidogo ulimini. Padre wetu alikuwa mzungu mzee, ndevu nyeupe mpaka kifuani, macho hayaoni vizuri. Watu wametoka misa wamejaa uani wanatazama. Akaweka chumvi. Mugisha akashtuka, akakunja uso, akatoa ulimi wote nje, na ulimi wenyewe zambarau! Midomo zambarau, fizi zambarau, na udenda ukaanza kumiminika, zambarau tupu, kidevuni, kwenye lesi ya ukoo, kwenye gauni la wifi. Halafu akapiga chafya. Ndevu za padre zikapata madoadoa. Padre akakitazama kisahani cha chumvi, akakinusa, akaangalia mbinguni.

"Yesu na Maria!" wifi akapiga kelele. "Mtoto amekufa!" (Mtoto mwenyewe anapiga kelele kumshinda yeye.)

Sauti ikatoka nyuma, "Amekunywa wino!" Basi watu wote wakamgeukia Mwalimu, kwa kuwa nani mwingine Kishanda ana wino, na Mwalimu maskini akaingiza mkono mfukoni akatoa kichupa chake akakiinua juu, "Wangu huu hapa! Umejaa!" Padre akarudi nyuma hatua mbili kuokoa kanzu yake.

"Namchukua," wifi akasema, na safari hii sauti ilikuwa inatetemeka. "Leo hii namchukua Nshamba. Hapa mtamuua." Akampakata vizuri, akageuka, watu wakaanza kumpisha njia.

Nikaona mgongo wake unaondoka na mwanangu. Hapo kiburi kikaisha chenyewe.

"Si wino!" nikapaza sauti. "Ni mimi! Ni matiti yangu, padre! Chuchu zimepasuka, nimepaka dawa ya zambarau, chupa nzima!"

Na kama kuna aliyekuwa na shaka, blauzi ilinitolea ushahidi, maana mnyonyeshaji akisikia mwanawe analia, maziwa hayaombi ruhusa, yalikuwa yameshatoka na kupenya vitambaa vyote, na pale kifuani pangu, mbele ya umati, kulikuwa na maduara mawili ya zambarau, na yanazidi kupanuka.

Mawe akatoa akamwani shavuni, akaishika mkononi, akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Kumbe ni hilo tu, waitu, wenzangu? Na zile nyimbo zote? Mimi nilidhani nimepata mtawa!"

Wanawake wote wakaangua kicheko, wanaume wakajifanya wanatazama mawingu, na padre akajifuta ndevu (akazidi kuzisambaza) akasema kwa Kihaya chake cha puani, "Mleteni tumalizie, kabla hajawa zambarau mpaka miguuni." Wifi akasimama pale alipokuwa, kisha akarudi. Mugisha akabatizwa.

Baadaye Mawe akanikalisha kwenye nyasi ukutani, wanawake wakatuzungushia kanga, akanisafisha kwa maji matupu. "Sabuni ni ya nguo," akasema. "Sasa legea, egemea. Mlete mtoto kwako, usimwinamie wewe. Mgusishe mdomo, ngoja apanue kama anapiga mwayo. Haya, sasa! Ashike na huku kweusi, si ncha tu. Kidevu kiguse titi." Nikajiandaa kuimba. Wimbo haukuhitajika. Nyufa ziliniuma kidogo alipoanza, halafu nikasikia anameza, anameza, na mimi machozi yananitoka huku nacheka. Mawe akanionyesha pia kutia kidole pembeni ya mdomo wa mtoto ili aachie bila kuvuta, na kukamua matone ya mwisho ya maziwa, kuyapaka palepale na kuacha pakauke kwa hewa. Siagi yake niliipaka wiki nzima kwa adabu, na nyufa zikafunga.

Wifi Koku alisimama nje ya zile kanga na gauni lake lenye madoa mpaka Mugisha aliposhiba na kulala. Tulipofika nyumbani alikitungua kile kibuyu ukutani, kesho yake akaondoka nacho kwenda Nshamba, kitupu. Nilifurahi, lakini nilimwonea huruma vilevile, na mpaka leo sijui nimweleze nani jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja moyoni.

Gauni la ukoo tulilifua kwa ndimu, kwa majivu, kwa jua la wiki nzima. Doa halikutoka. Kila mtoto wa ukoo anabatizwa nalo hivyo hivyo, na kila mara yupo mgeni atakayeuliza, na kila mara wananinyooshea kidole mimi.

Miaka miwili ilipita, nikawa uani naanua buni, nikamwona wifi Koku anaingia kibanjani, mgongoni amebeba binti yake wa wiki tatu, wa kwanza, na anatembea ameivuta nguo mbali na kifua kwa vidole viwili. Nilijua palepale. Hakuna mwendo ninaoujua vizuri kama ule.

"Usicheke," akasema.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Nimekuja kwako kwanza."

Nikacheka, naye akacheka huku analia, nikamwingiza ndani, nikamkalisha aegemee. Na nimeapa: jambo la mwili wangu likiniuma, nalisema siku ya kwanza, nyumbani, kwa mama mkwe, kwa sauti ya kawaida.