Zaka ya Hisa za Uwanda Stars

Mimi mpira siupendi, niseme mapema ili mtu asije kunitafutia maneno baadaye. Lakini ukipanga fremu ya duka jirani na Mzee Swalihu pale Chang'ombe ya Dodoma, mpira utaujua upende usipende. Ukuta wetu ni mmoja. Upande wangu ni stesheneri: natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti. Upande wake ni baiskeli na vipuri, na redio inayotangaza mechi kwa sauti ya kuvunja bati.

Huyu Swalihu ni mtu wa Dodoma wa siku nyingi. Babu wa babu yake alifuata misafara ya biashara kutoka Unyanyembe, akaishia Kondoa, wanawe wakashuka mjini, na tangu hapo ukoo wao kazi yao ni kununua na kuuza tu. Ana miaka sitini na miwili. Mrefu, mpole, kofia yake nyeupe pee ingawa mikono ni grisi tupu. Hapunji mtu. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa na sijasikia mteja amerudi kugomba, wakati kwangu mimi wanarudi kila wiki.

Kuna jambo moja analifanya ambalo limenifundisha dini yake kuliko maneno ya mtu yeyote. Kila Ramadhani, siku ya kumi, anafunga duka asubuhi na kuhesabu mali yote ili atoe zaka. Spoku kwa spoku, pedali kwa pedali. Mimi ndiye mwandishi wake. "Mama Frida," ananiita, "leo ndiyo siku yetu." Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini mimi, Mkristo wa Hombolo, wakati msikiti umejaa vijana wanaojua kuandika. Akasema, "Wewe hunionei haya."

Kila kitu anakipa bei ya siku ile, si bei aliyonunulia. Kengele ikiwa na kutu anaishusha hadi mia tano, na taa ikipanda bei anaipandisha hata kama inamuuma. Tunanong'ona kule ndani kati ya matairi. Mkewe, Bi Arafa, anakaa mlangoni akichambua choroko za futari. Tukimaliza, nagawanya kwa arobaini, kisha nasoma kwa sauti zaka ya kila fungu ili Bi Arafa awe shahidi: baiskeli kiasi hiki, vipuri kiasi hiki. Bi Arafa hakusoma sana, lakini hesabu ile anaijua kwenda na kurudi. Ukimtajia zaka ya kitu, anaizidisha mara arobaini kichwani na kukwambia kitu chenyewe kina thamani gani, kabla kikokotoo changu hakijawaka.

Sasa, hao wawili walikuwa na akiba ya hija. Miaka kumi na moja waliikusanya, na zaidi ya nusu ilikuwa ya Bi Arafa mwenyewe, maana aliuza fungu lake la shamba la zabibu alilorithi kwa mama yake. Zikafika milioni kumi na nne, za kumtosha mtu mmoja. Walikwisha kubaliana kwamba mtu huyo ni Bi Arafa, aende na kaka yake Mohamedi, ambaye alikuwa anakwenda mwaka uleule. Alishanunua hadi viatu vya kutembelea. Alinionyesha, vya mpira, vyepesi, akavivaa akazunguka nje ya duka langu kama msichana.

Ndipo Uwanda Stars wakapanda ligi kuu.

Mji ulirukwa na akili. Miezi miwili baadaye klabu ikatangaza kuwa imegeuka kampuni na inauza hisa kwa wanachama. Mzee Swalihu ni mwanachama wa Uwanda tangu timu inakwenda mechi za mkoa kwa baiskeli alizozifunga yeye. Alikuja kwangu na fomu nimjazie. Hisa za milioni kumi. Nikaweka kalamu chini.

"Baba Shamila, hizi si za safari ya Mama Shamila?"

"Nimeongea naye, amekubali. Badala ya mmoja kwenda, tungoje miaka mitatu zizae, twende wote wawili."

Ni kweli alikubali, nilimuuliza. Alisema, "Kama ni kwenda wote, kwa nini nimwache mume wangu?" Basi nikajaza. Lakini mimi nasoma ninachokichapa, tabia mbaya ya kazi hii, na katika ukurasa wa nne nikaona imeandikwa kwamba hisa haziuzwi wala kuhamishwa bila idhini ya bodi. Nikamwambia, "Mlango wa kuingilia nauona. Wa kutokea uko wapi?"

Akacheka. "Mama Frida, nani anaingia Uwanda akataka kutoka?"

Haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Cheti kilipotoka nilikipiga lamineshen mwenyewe na sikumtoza.

Kuna kijana mmoja, Erick, mhasibu wa ofisi fulani ya serikali, huwa anamletea baiskeli ya mwanawe. Siku moja alikikuta cheti ukutani, akakisoma mpaka mwisho huku amesimama.

"Shikamoo mzee. Umenunua hiki?"

"Marahaba. Nimekinunua, mimi ni mmoja wa wamiliki."

Erick akavuta kigoda, akamweleza kwa adabu. Timu ikishinda, alisema, wachezaji wanadai nyongeza, na ni haki yao. Ikifungwa, mashabiki wanabaki nyumbani na mapato ya mlangoni yanakauka. Kushinda kunakula pesa na kufungwa kunakula pesa, sasa mwenye hisa anakula lini? Uwanja si wao, wanaazima. Basi la timu ni la kukodi. Mchezaji mkataba ukiisha anaondoka na miguu yake. Kinachobaki ni jina na rangi ya jezi. "Ziko klabu za nje zinapata faida," alisema, "lakini hata huko wengi wanaonunua wananunua mapenzi. Mapenzi si vibaya, mzee, ila usiyaite akiba."

Mzee Swalihu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wewe shabiki wa timu gani?"

"Wa Uwanda. Nanunua jezi, nanunua tiketi, naishia hapo."

Mzee akamrudishia chenji yake. Nadhani aliona kijana ana mapenzi ya bei rahisi.

Mkutano mkuu wa kwanza, timu ilikuwa ya sita. Watu wakapiga makofi, wakanywa soda, gawio hakuna. Mwenyekiti akasema faida yote imemnunua mshambuliaji. Mwaka wa pili mshambuliaji akaondoka bure, mkataba umekwisha. Mwaka wa tatu mwenyekiti naye akajiuzulu, na timu ikashuka daraja. Mzee Swalihu hakusema neno lolote baya. Kila aliporudi kutoka mkutanoni Bi Arafa alimuuliza, "Vipi huko?" naye akajibu, "Tunajenga." Wanajenga! Mimi nilikuwa nasikia upande wa pili wa ukuta, natafuna ulimi.

Na hapa niseme langu, kwa sababu nami nimo. Ramadhani ya kwanza baada ya kununua, tulipomaliza vipuri, alininong'oneza, "Andika hisa, milioni kumi."

"Kwa bei ya leo?"

"Andika, Mama Frida."

Mtu aliyeshusha kengele kwa ajili ya kutu! Niliandika. Nikagawanya, nikasoma kwa sauti: hisa, zaka laki mbili na nusu. Pale mlangoni Bi Arafa akasema, "Alhamdulillahi." Mwaka wa pili hivyohivyo. Mwaka wa tatu bodaboda zilikuwa zimeshamlia wateja, akauza baiskeli mbili mpya kwa hasara ili laki mbili na nusu ipatikane, na akaitoa yote. Ukiniuliza leo kama hisa za mpira zina faida, nitakujibu zinayo: zilimlisha Nasma, mjane wa nyuma ya msikiti, na wanawe, miaka mitatu mfululizo. Mwingine aliyefaidi simjui.

Wakati huo magoti ya Bi Arafa yalianza kumsaliti. Mwanzo ilikuwa ngazi tu. Mwaka wa pili akashika fimbo. Mwaka wa tatu kutoka kwao mpaka dukani, mwendo wa kuimba pambio moja, alikuwa anapumzika mara mbili. Zile milioni nne zilizobaki ziliishia kwenye sindano, dawa na kodi ya fremu. Lakini hakulalamika. Alikuwa akisema, "Zile kubwa zipo," na kuendelea na choroko zake.

Ramadhani hii iliyopita, siku ya tisa, Sheikh Aiman alitoa darsa la zaka baada ya alasiri. Mzee Swalihu akauliza habari ya hisa. Sheikh akamwambia, "Ulizinunua uzishike kwa mapenzi au uuze kwa faida?" Akajibu kwa faida. "Basi hiyo ni bidhaa ya biashara. Bidhaa hupimwa kwa bei ya siku. Nenda ukaulize sokoni."

Angekuwa mtu mwingine angekaa kimya, maana hakuna anayekwenda jehanamu kwa kutoa zaka nyingi. Yeye hawezi. Akishaambiwa sheria, imemshika shingoni. Kesho yake asubuhi aliniachia ufunguo wa duka lake, akasema, "Tutahesabu nikirudi," akaenda ofisi ya klabu. Katibu, binti mmoja anaitwa Yudith, alimpa shikamoo na kiti, akamwambia bodi haijapanga bei na haijulikani itakaa lini. Akatoka hapo akaenda uwanjani walikokuwa wanafanya mazoezi, akawauliza mashabiki mmoja mmoja, mtu mzima wa makamo yake, na swaumu yake, jua la Dodoma kichwani: nani atanunua hisa kwa nusu bei? Kwa robo? Wakamcheka, ingawa si kwa ubaya. "Mzee wetu," mmoja akamwambia, "si bora tukanywe soda?"

Aliyetaja bei alikuwa Bartolomayo, mwenye baa ya pale getini. "Elfu hamsini nakupa sasa hivi," alisema. "Nikitundike juu ya friji, wateja wapate la kuongea." Mzee akamshukuru, akakataa. Cheti kile asingekiweka baa, na bodi isingekubali. Lakini bei ilikuwa imetajwa, mnunuzi yupo na pesa mkononi. Kwa mtu wa biashara hiyo ndiyo bei ya siku.

Alirudi saa nane midomo imekauka. Bi Arafa alikuwa ameshafika, yuko mlangoni na ungo wake. Tukahesabu baiskeli, tukahesabu vipuri, na mwaka huu havikuchukua muda. Kisha akanisogelea akaninong'oneza habari yote ya mchana, na mwisho, "Andika elfu hamsini."

"Baba Shamila, mwambie kwanza."

"Andika. Ukimaliza kusoma nitamwambia."

Nikaandika. Nikagawanya. Ningeweza kusema nina kikohozi, nikakimbilia kwangu. Sikufanya hivyo, na bado sijui kama nilifanya vizuri.

Nikasoma. "Baiskeli, zaka elfu arobaini. Vipuri, zaka elfu hamsini na tano. Hisa, zaka elfu moja mia mbili na hamsini."

Mkono wa Bi Arafa ukasimama ndani ya choroko. "Rudia hiyo ya mwisho, Mama Frida."

Nikarudia. Midomo yake ikachezacheza kidogo, na hesabu ikamjia kama inavyomjia siku zote.

"Elfu hamsini," alisema. Akageuka taratibu pale kwenye kigoda, goti moja kwanza, halafu la pili. "Swalihu."

Miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia akimwita jina lake. Ni Baba Shamila, asubuhi na jioni. Mzee naye nadhani alikuwa amelisahau likitoka mdomoni mwake, maana alivua kofia.

"Kila mwaka huyu mama alinisomea laki mbili na nusu," Bi Arafa akasema. "Mimi nikazidisha, nikasema safari yangu ipo, imekamilika, mume wangu hawezi kumtolea Mungu zaka ya kitu ambacho hakipo. Nikaenda kulala. Zilipotea lini?"

"Sikupenda kukuvunja moyo. Nilikuwa nasema labda msimu ujao..."

"Nimekuuliza lini."

Muadhini wa msikiti wa barabara ya juu alikuwa akijaribu kipaza sauti. Nilitamani aseme uongo. Mungu anisamehe, nilitamani.

"Mkutano wa kwanza," akasema. "Nilipotoka mle ndani nilikuwa nimeshajua."

Bi Arafa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei na hana la kupunguza. Hakulia wala hakupandisha sauti, nami nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Mwaka ule tulikuwa na nne benki," alisema, "na kaka Mohamedi alisema atanijazia kilichopungua, nikakataa ili nikungoje wewe. Ungeniambia siku ile, Swalihu, nisingekulaumu. Ningekwenda. Siku ile nilikuwa bado natembea."