Sumu ya Nyuki Siku ya Sabato

Sabato iliyopita nilirudi Muhuru Bay kuabudu katika kanisa la utoto wangu. Katikati ya mahubiri nyuki walishuka kutoka darini, wakamuuma binti mmoja mkononi. Shemasi kijana akainua mikono: "Ndugu zangu, tulieni, tuombe kwanza." Nikasimama. "Ombeni mkitembea!" nikasema, kwa sauti ambayo mzee wa rika langu hapaswi kuitumia nyumbani mwa Bwana. Binti alipelekwa hospitalini, akapona. Mimi ndiye sijatulia hadi leo.

Nikueleze kwa nini, rafiki yangu.

Uani kwetu omena, dagaa wa ziwani, zilianikwa juu ya nyavu kuukuu, na sisi watoto tulitumwa kuzigeuza. Nyigu walizifuata, nyuki walikuwa kwenye ua wa miti, nasi tuliumwa mara kwa mara. Nyanya yetu hakuruhusu kilio kirefu. Mwiba wa nyuki aliukwangua kwa ukucha, akitukemea tusiubinye: "Ukiubinya unajidunga sindano mwenyewe, mjinga wewe!" Akaosha kwa sabuni ya kipande, akafunga kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi, akakibadilisha kila kilipopata joto. Ubaridi ule naukumbuka hadi kwenye meno. Kisha alituketisha mbele yake, akatuamuru tuimbe wimbo wa kanisani. Hakuwa na haja na wimbo. Alitaka kusikia pumzi.

Asubuhi moja ya Sabato dada yangu mdogo aliumwa shingoni. Nyanya alifanya yote, kisha akamwambia aimbe. Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka kama mluzi, na midomo ilikuwa imevimba. Nyanya akambeba mbio hadi kanisani, nami nyuma yake, kwa sababu jirani yetu mwenye mashua ya injini alikuwa ibadani, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya ghuba.

Jirani alikuwa ameshainuka pale mzee wa kanisa alipomshika bega. "Injini haiwashwi leo. Jua likizama mtakwenda."

"Ng'ombe wako akitumbukia kisimani leo," nyanya akamuuliza, "utamwacha mpaka jua lizame?"

"Mama, usinifundishe Maandiko."

"Basi yasome!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Jirani akamtazama mzee, akatazama miguu yake, akaketi. Alipopata ujasiri wa kuinuka tena, dada yangu alikuwa ameshanyamaza mapajani mwa nyanya.

Mazishini mzee yuleyule alisema Mungu amempenda zaidi. Watu wakaitikia amina.

Nimelisoma Neno maisha yangu yote. Namshukuru Mungu kwa wajukuu, kwa mvua, kwa macho ambayo bado yanaona. Najua pia kwamba Bwana aliponya wagonjwa siku ya Sabato, mbele ya watu waliomkasirikia kwa ajili hiyo. Leo ua wetu haupo, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Nyanya amelala, jirani amelala, mzee naye amelala, na sauti ya dada yangu haikumbukwi na yeyote isipokuwa mimi. Vijana wananiambia nisamehe, ni mambo ya zamani. Mzee nilishamsamehe. Lakini kumsingizia Mungu kifo kile, hapana. Mungu hakumchukua mtoto yule. Mashua ilikuwa imefungwa ufuoni, na mafuta yalikuwa ndani ya tangi.