Mnara Uliogeuzia Ziwa Mgongo

Niliingiza mkono kwenye tundu la mnara wa mawe, na kitu kikaanza kuuvuta.

Si kuushika. Kuuvuta, kama mtu anavyovuta uji wa moto kutoka kwenye kikombe.

Kisha mnara ukalia.

Nawaandikia hili nikiwa na akili zangu timamu. Mimi si mtu wa mizimu. Nina stashahada ya ufamasia, nina duka la dawa Igoma, nina watoto wa kulea, na muda wa kutunga uongo sina. Mwenye kazi aendelee na kazi. Mwenye nafasi akae tuongee.

Ilikuwa hivi.

Shemeji yangu Masalu, mdogo wa mume wangu Nestory, alizama ziwani kwenye dhoruba. Tukaenda kuzika kijijini kwao, ng'ambo ya Kamanga. Unavuka na kivuko, halafu unafuata barabara ya vumbi mpaka ikuchoke yenyewe.

Jina la kijiji sitalitaja. Wale wanaosaka rupia za Mjerumani wakilisikia watakuja na sururu zao.

Juu ya kijiji kuna kilima cha majabali, na juu ya kilima kuna huo mnara. Ni mawe matupu yaliyopangwa, hakuna saruji, na kileleni uko wazi kama bomba la moshi. Nani aliujenga? Kila mtu ana jibu lake.

Mwalimu wa shule anasema Wajerumani.

Katekista anasema watu waliomkataa Mungu kabla ya gharika.

Shimba, mvuvi jirani yetu, anasema majitu. Na anakuonyesha kwa mikono ukubwa wa miguu yao, utadhani aliwauzia ndala.

Ila kuna jambo moja lililowashinda wote. Mnara uko juu ya ziwa, lakini una tundu moja tu, na tundu hilo limegeukia nyuma. Linatazama uwazi ulio kati ya majabali mawili, upande wa milimani. Ziwa limepewa mgongo.

Sasa mtu ajenge mnara juu ya ziwa, halafu asitake kuliangalia ziwa. Alikuwa anatafuta nini?

Tundu lile wanaliita mdomo. Wanasema zamani ulikuwa unalia, na ukilia tu, mtu wa ziwani anakufa. Kwa hiyo familia iliyofiwa hupanda kwenda kuuziba. Kila aliyechukuliwa na ziwa, jiwe lake. Wanaolipeleka ni wanawake wa nyumba hiyo. Wanaume hawausogelei.

Basi siku ya kumaliza matanga, jiwe la Masalu nikapewa mimi, mkamwana mkubwa.

Nikalipokea. Ukweni si mahali pa kuonyesha vyeti.

Asubuhi hiyohiyo Nestory na Shimba walikuwa wanaingia ziwani. Nyavu za Masalu zilikuwa bado majini, na kule nyavu za marehemu haziachwi majini msiba ukiisha. Binti yetu Precious, yuko chuo, akasema na yeye anakwenda.

"Huendi," nikamwambia.

"Mama, nimevaa jaketi la kuokolea."

"Jaketi halina akili. Litakwenda popote maji yanapokwenda."

Shimba akacheka. "Mama Precious, hebu liangalie ziwa. Limelala kama ng'ombe aliyeshiba. Mwache mtoto amuage baba yake mdogo."

Nestory akanipa simu yake niishike isilowe. "Tutarudi ugali haujapoa," akasema.

Nikawaacha. Kweli ziwa lilikuwa limelala.

Sisi tukapanda kilima watatu. Mama mkwe wangu, Bibi Ng'washi. Wifi yangu Queen. Na mimi na jiwe langu.

"Wifi," Queen akaniambia, "viatu hivyo ni vya harusi au vya kupandia mlima?"

"Ni vya kumpigia teke atakayeniuliza."

Hata mama mkwe akatabasamu, mara ya kwanza tangu tufike.

Tulipofika, mdomo ulikuwa umejaa. Mawe yalikuwa yamebanana kama watu kwenye foleni ya vocha za mbolea. Nililisukuma jiwe la Masalu, likakataa. Nikaligeuza, likakataa. Nikaliacha kidogo, likaanza kuteleza, nikalidaka.

"Lisianguke," mama mkwe akasema taratibu. "Jiwe likianguka, msiba unarudi nyumba ileile."

Nyumba ileile ni ipi? Ni yetu. Na watu wetu walikuwa juu ya maji saa hiyo.

Mimi nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote hufanya kabati la sufuria likigoma kufungwa. Nikatoa jiwe moja ili nipange upya.

"Usitoe hilo. Ni la baba mkwe wako."

Nilikuwa nimeshalitoa.

Mawe ya nyuma yakalegea, mawili matatu yakaporomokea ndani. Nikaingiza mkono kuyawahi. Huko ndani sikugusa jiwe. Niligusa kitu laini, cha mviringo, cha udongo. Mdomo wa chungu.

Hapo ndipo hewa ikaanza kuuvuta mkono wangu.

Na mnara ukalia.

Ulianza chini kabisa, kama ng'ombe anayemtafuta ndama. Nikautoa mkono. Ukapanda kidogo, ukakatika, ukaanza tena.

Queen akakaa chini palepale. "Rudisha," akasema. "Rudisha, wifi, umetuitia kifo."

Sitajifanya shujaa. Nililiinua jiwe la baba mkwe nilirudishe. Mume wangu yuko majini, mwanangu yuko majini, mambo ya stashahada tutajadili baadaye.

Lakini upepo ukanipiga usoni.

Ulikuwa wa baridi, unanukia vumbi lililolowa, na ulikuwa unatokea kwenye ule uwazi kati ya majabali. Nikainua macho. Nyuma ya milima, anga lilikuwa jeusi kama sufuria la msibani.

Nikageuka upande wa ziwa. Huko jua linawaka. Maji yanameta, mitumbwi imetawanyika kama mbegu, hakuna hata wimbi.

Nikaangalia huku. Nikaangalia kule. Nikaelewa kwamba kilima tulichosimama juu yake ndicho kilikuwa kinawafichia wingu lile watu wa majini. Aliyekuwa majini asingeliona mpaka limfikie kichwani.

Nikampigia Nestory. Simu ikaita ndani ya pochi yangu mwenyewe.

Nikampigia Precious. Haipatikani.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "siku aliyokufa baba, kilianza nini? Mnara au upepo?"

"Hayo si ya kuuliza sasa."

"Ni ya sasa hivi, mama."

Akafikiri. "Mnara. Nilikuwa napalilia mihogo. Ukalia, na majani ya mihogo yalikuwa yametulia kabisa. Upepo ulikuja baadaye."

"Na wanaume walirudi?"

"Wengine walirudi. Yeye alikuwa mbali."

"Na siku ya Masalu, ulilia?"

"Ungeliaje? Tulishauziba."

"Na Masalu akafa."

Queen akanitolea macho. "Wifi, unamsema mama yangu msibani kwake?"

Alikuwa na haki. Kumwambia hivyo mzazi aliyefiwa si utu. Lakini maneno laini yanahitaji muda, na dhoruba ilikuwa inakuja nyuma ya mlima.

"Sisemi mtu, Queen. Nasema mnara. Hauui. Unaona kinachotoka nyuma, ndiyo maana umegeukia nyuma. Sisi ndio tunauziba mdomo."

Mama mkwe akageuka. Aliliangalia lile wingu. Akaliangalia ziwa. Akaniangalia mimi.

Halafu akatandika kanga yake chini, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili kwenye mdomo wa mnara.

"Hili la kaka yangu," akasema, akaliweka kwenye kanga.

"Hili la Venant. Alikuwa anaimba vibaya kanisani, na kwa sauti kubwa."

"Hili la mtoto wa Tereza."

Alikuwa anayajua yote. Alikuwa anayatoa kama mtu anayewaamsha watu waliolala, mmoja mmoja, kwa majina yao. Mimi na Queen tukaingia kusaidia. Mengine yalikuwa yameng'ang'ana, tukayachokoa kwa vijiti na kwa kucha. Damu ikatoka. Tukaendelea.

Jiwe la mwisho lilipotoka, mnara ukafungua koo.

Jamani. Ule wa mwanzo ulikuwa kikohozi. Huu niliusikia kwenye meno. Chini kijijini watu waliokuwa wanapika chakula cha matanga wakasimama. Wazee wakatoka vibandani. Vijana wengi hawakuwahi kuusikia maishani mwao, lakini walilelewa na habari zake.

Na ziwani mitumbwi ikageuka.

Hakuna hata mmoja aliyeangalia juu. Hawakuliona wingu. Waliogopa kifo tu, na mtu akiogopa kifo anakwenda nyumbani. Mmoja ukageuka, wa pili ukageuka, kasia zinakwenda mbio, injini zinapiga kelele.

Ila mtumbwi mmoja ulibaki pale pale, mbali, watu wake wameinama ubavuni wanavuta nyavu.

Nikaujua kwa rangi ya jaketi.

Yaliyotokea kule nilihadithiwa baadaye na Precious. Shimba aliposikia sauti aliziachia nyavu zimtoke mkononi. Nestory akakataa. "Hizi ni nyavu za mdogo wangu. Siziachi." Shimba akabembeleza, Nestory akazidi kuvuta. Mtoto akachukua kisu cha kukatia kamba, akazikata nyavu za marehemu mbele ya macho ya baba yake.

"Baba," akamwambia, "utanikasirikia nchi kavu."

Mimi juu ya kilima sikuyajua hayo. Niliona tu mtumbwi umekaa, umekaa, umekaa. Nikajikaza kisabuni. Halafu pua yake ikazunguka kuelekea kwetu, na hapohapo wingu likavuka juu ya vichwa vyetu.

Tuliteremka kile kilima kwa miguu, kwa makalio, kwa neema ya Mungu. Viatu vya harusi niliviacha huko.

Upepo uliwakuta kwenye matete, karibu na ufukwe. Ziwa lililokuwa limelala likaamka na pembe. Mtumbwi ukainuka, ukapigwa ubavu, ukapinduka. Wanaume wa kijiji waliokuwa wameshafika nchi kavu wakashikana mikono, mnyororo mmoja mrefu, wakaingia majini mpaka vifuani. Wakamtoa Precious. Wakamtoa Shimba. Wakamtoa mume wangu.

Kama wale wanaume wangekuwa bado ziwani, nani angewatoa?

Nestory alitoka akitapika maji. Hakuniangalia mimi, hakumwangalia mtoto.

"Nani amekufa?" akauliza. "Mama yuko wapi?"

Alikuwa ameusikia mnara. Kwake jibu lilikuwa lazima liwepo.

Umati ukapisha njia. Mama mkwe alikuwa anateremka polepole kwenye mvua, ameukumbatia mzigo wa kanga uliojaa mawe. Nestory alipomwona, akakaa kwenye tope.

"Hakuna aliyekufa," mama akamwambia. "Leo mnara umelia bure."

Akasimama kidogo. Akajirekebisha.

"Hapana. Si bure."

Mvua ilipoisha kabisa nilirudi juu na mama mkwe, tumeshika tochi. Ndani ya mdomo kuna chungu kikubwa kisicho na kitako, kimejengewa katikati ya mawe, shingo yake imeelekezwa kwenye ule uwazi kati ya majabali. Ukipuliza juu ya chupa tupu inalia. Ni hivyo hivyo. Upepo wa kawaida wa ziwani haukifikii. Unaokifikia ni ule mmoja tu, unaotoka nyuma ya mlima.

Mama mkwe akapitisha kidole kwenye shingo ya chungu. Kulikuwa na mistari midogo ya kamba iliyosokotwa, imebiringishwa juu ya udongo ukiwa mbichi.

"Bibi yangu alikuwa anapamba hivi hivi," akasema. "Na yeye alifundishwa na mama yake."

Huko kwao mwanamume hafinyangi chungu. Hajawahi.

Tulitazamana. Mjerumani akaondoka kichwani mwangu. Majitu nayo yakaondoka, na ndala zao. Nikawaona wanawake, wameketi juu ya kilima hiki, waume na watoto wao wako majini na mlima unawafichia dhoruba. Nani mwingine angehangaika kubeba mawe hayo yote?

Sisemi ndiyo historia. Wenye vyuo vikuu waje wachunguze. Nasema tu niliuona mkono wa mwanamke kwenye udongo ule.

Na wanawake hao hao, wajukuu zao, ndio walioupandia na kuuziba. Si kwa ujinga. Kwa uchungu. Ukifiwa unatafuta wa kumnyamazisha.

Mawe hayakutupwa. Mama mkwe aliyapanga chini ya mnara, yakawa kibaraza kifupi. Jiwe la Masalu liko mwisho, upande wa kivuli. Analikalia yeye. Hakuna anayemwomba asogee.

Siku hizi ananipigia simu. Hasalimii.

"Mnara unalia huku. Mume wako yuko wapi?"

"Shikamoo mama. Yuko sokoni Kirumba."

"Marahaba. Abaki hukohuko."

Anakata.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa. Nyumbani kwako yuko mtu anayelia kila mara kabla ya balaa. Labda ni mtoto asiyetaka kwenda kwa mjomba fulani. Labda ni mama yako na maneno yake kuhusu huyo mchumba. Umeshamwita mkosi, umeshamtafutia jiwe.

Kabla hujamziba mdomo, simama pale aliposimama, uangalie upande anaoangalia yeye.

Wewe umesimama upande wa ziwa. Huku kwako jua linawaka.