Nilitumwa Nikawaangalie Kameruni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya hata nikiwa peke yangu shambani. Juzi nilikusikia wewe na wenzako mmeinamia simu, mnabishana ni taifa gani kiboko wa mpira wa wavu. Mmoja Polandi, mmoja Italia, mwingine anaapia Brazili, na sijui kama kuna hata mmoja wenu aliyewahi kugusa huo wavu. Nikacheka peke yangu. Nimeona leo nikueleze kabla ya safari yako. Kaa, sitakuchelewesha sana.

Wakati huo nilikuwa fundi baiskeli Magoma. Kwetu ni Sindeni, Handeni, lakini kazi ndiyo iliyonivusha mpaka upande wa Korogwe, na huko nikampenda binti mmoja, jina lake Zaina. Baba yake, Mzee Matola, alikuwa mtoto wa kambi ya mkonge. Baba yake yeye alitoka Tunduru kuja kukata mkonge, asirudi tena kwao. Ujanani Mzee Matola alichezea timu ya wavu ya kambini, na waliomwona walikuwa wakisema akiruka unamaliza kumeza tonge ndipo anarudi chini. Mimi nilimkuta macho yameshaingia ukungu. Mtoto wa jicho. Mtu akisimama mbele yake aliona kivuli tu, akasubiri kivuli kiseme ndipo amjue ni nani.

Mjomba wangu alikuwa ameshapeleka barua ya posa. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, jibu hakuna. Nikipita pale kwa kisingizio cha kutia upepo baiskeli ya Zaina, mzee ananikaribisha vizuri, ananipa chai, habari ya barua haigusi. Nilianza kukonda, na si utani.

Basi akaniita. Redio ilikuwa imetaja, mara moja tu, kwamba kuna mashindano ya kimataifa ya wavu ya wanaume huko Japani na Kameruni wamo. "Kijana," akasema, "nasikia pale Korogwe mjini kuna banda la video lenye dishi kubwa. Kesho Kameruni wanacheza na Kuba. Nenda ukaniangalizie, urudi unieleze."

Nilijibu haraka mno. "Mzee, hapo umefika. Wavu mimi naujua sana, nimeucheza tangu shuleni." Shule yetu ilikuwa na mpira mmoja wa matambara, nao ulikuwa wa miguu. Lakini mtu anayengoja jibu la posa, mwanangu, hakubali kwamba kuna kitu hakijui.

Nikaiacha baiskeli yangu stendi, nikapanda basi la alfajiri. Japani ni mbali huko mashariki, kwa hiyo mechi yao ya jioni sisi tuliiona asubuhi. Banda lenyewe lilikuwa na watu kama kumi, wengine wamekuja kwa sababu hapakuwa na mechi ya soka ya kuangalia. Televisheni ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la nondo kwa kuogopa wezi, na nondo ya chini ilikaa sawasawa juu ya yale maandishi ya majina na pointi. Rangi zilikuwa zimekufa. Jezi zote zilikuwa za kijivu. Mtangazaji alisema lugha ambayo hakuna aliyeijua. Na Wakuba nao, kumbe, ni weusi kama sisi.

Nikamuuliza jirani yangu, mpakiaji mbao mmoja waliyemwita Profesa, Kameruni ni wapi. "Hao wa kushoto," akasema bila kugeuka. Hilo ndilo swali pekee nililouliza siku ile, maana mara tu baada ya hapo mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya maandazi aliniuliza kama naufahamu mchezo, na mimi nikasema nimeucheza. Ningeuliza tena vipi?

Basi ubishi ukaanza. Profesa akasema mashindano yale ni ya Brazili, kwa sababu Brazili hawafungwi mchezo wowote wenye mpira. Kijana mwingine akasema Wakuba ndio wenyewe, wana mikono mirefu kwa ajili ya kukata miwa. Mwingine akataka kujua kwa nini Tanzania haimo, na Profesa akamjibu kwamba sisi tumekataa kwa heshima. Mama wa maandazi akauliza, "Mbona hawa wamepoteza mpira halafu wanakumbatiana?" Watu wote wakanigeukia mimi niliyecheza shuleni. Nikakohoa. Nikasema, "Hiyo ni pointi ya ugenini, mama. Inahesabiwa mara mbili." Wakatikisa vichwa. Mimi mwenyewe nikatikisa changu.

Mwanangu, sikuelewa kitu. Mtu anapiga mpira unatoka nje, anashangiliwa. Mwingine anaupiga ndani, refa aliyepanda kwenye ngazi anakataa. Wachezaji wanahama nafasi zao kila mara kama watu waliokaribishwa vibaya. Nilichoshika ni kimoja tu, wale wa kushoto ni wetu. Nikakishika hicho mpaka mwisho. Wa kushoto wakashinda seti ya kwanza, wakashinda ya pili, ya tatu ikaenda kulia, ya nne kushoto tena. Nikaruka, nikamkumbatia Profesa, nikanunua maandazi ya watu wote, nikakimbilia basi.

Nilimkuta Mzee Matola amekaa barazani, amevaa kanzu safi. Zaina alikuwa jikoni na mlango uko wazi. "Shikamoo mzee! Tatu kwa moja! Kameruni wamewafunga Kuba!"

Alishika magoti yake kwa mikono miwili. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema laiti wenzake wa kambini wangekuwa hai. Nami nikachangamka, nikaongeza chumvi: jinsi nahodha alivyoruka, jinsi Wakuba walivyopiga magoti, wasipate ila seti ya tatu. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, taratibu tu, "Walikuwa upande gani?"

"Kushoto, mzee."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho! Hawakusogea hata hatua."

Kicheko kikamtoka usoni. Nikasikia Zaina jikoni ameacha kukoroga.

"Katika wavu," akasema, "kila seti ikiisha timu zinabadilishana upande. Seti ya kwanza umewaona Kameruni. Ya pili umewaona Wakuba ukadhani ni Kameruni. Ya tatu walioshinda kulia ni Wakuba, na ya nne waliokuwa kushoto ni Wakuba haohao. Waliofungwa ni sisi."

Ningepata shimo ningeingia. Nikaanza kusema rangi za televisheni, nondo, Profesa. Akainua mkono.

"Kutoelewa si kosa, kijana. Hata mimi siku ya kwanza niliupiga mpira kwa kichwa, wakanicheka wiki nzima. Lakini mimi nilikuomba macho yako, wewe umeniletea mdomo." Akaelekeza kidole jikoni. "Unajua kwa nini sijaijibu barua ya mjomba wako? Zaina ndiye anayenisomea vyeti vya hospitali. Ndiye anayeniambia nani amesimama mlangoni, na kama nyanya ninayouziwa imeoza. Ukimchukua yeye unachukua macho yangu. Nilitaka nijue utaniachia macho ya namna gani."

Niliondoka bila kunywa chai. Zaina hakutoka kuniaga. Usinione hivi leo na ndevu zangu nyeupe ukadhani nilikuwa shujaa. Njiani nililia, nikiikokota baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Kesho yake nikasikia redioni kwamba siku inayofuata Kameruni watacheza na Japani. Hakuna aliyenituma. Nikapanda basi lilelile, nikaingia bandani, na kabla sijakaa nikasema kwa sauti, "Jamani, juzi niliwadanganya. Sijawahi kucheza wavu. Ile pointi ya ugenini niliitunga."

Walicheka mpaka mama wa maandazi akashika ndoo yake isimwagike. Profesa akasogea kwenye benchi akanipisha. "Hata mimi sijui, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Niliona tu mnanisikiliza." Tukaangalia sote kwa ujinga wetu, bila kubishana sana, na nikakuta nina macho kumbe. Isitoshe safari hii walikuwa Wajapani, hata mimi niliweza kuwatofautisha.

Jioni nikabisha hodi kwa Mzee Matola. Sikutamka mshindi. "Mzee," nikasema, "nimerudi kule bandani. Nimeona mengi na sikuyaelewa. Nikueleze hivyohivyo?"

"Eleza."

Nikamwambia kwamba timu ikiurudisha mpira kwake, wachezaji wote sita wanasogea nafasi moja, kama sahani zinazozungushwa mezani, sijui kwa nini. Akasema, "Wanazunguka, kila mtu aonje kila nafasi. Endelea." Nikamwambia mmoja huugeuzia wavu mgongo, anauinua mpira bila kuuangalia, na mwenzake anakuja akiwa ameshapaa. Mzee akanyoosha vidole vyake vyote kumi hewani, akavikunja kidogo. "Hivi?" Hivyohivyo, nikasema. "Huyo nilikuwa mimi," akasema. Nikamwambia kwamba baada ya kila mpira wanagusana mikono, hata waliopoteza, tena hao ndio wanaogusana zaidi. "Anayekosea ndiye anayehitaji mkono," akasema. Kila nilipofika mahali nisipopaelewa nilisema sielewi, naye pale ndipo alipoona vizuri zaidi. Kameruni walifungwa, nikamwambia hilo pia, mwisho kabisa, na sikulitia sukari.

Kisha nikasema, "Kuna mmoja amevaa jezi iliyokolea, tofauti na wenzake. Mfupi. Anaingia, anatoka, hapigi hata mara moja juu ya wavu. Huyu sijui ni nani."

Mzee akajikuna kidevu. "Huyo hata mimi simjui," akasema. "Wakati wetu hakuwepo." Tukakaa pale barazani wawili sote hatujui, na nakwambia sijawahi kukaa na mtu kwa raha kama ile.

Halafu akaita, "Zaina, lete ile barua." Zaina akaileta, imekunjwa vilevile. Mzee akanipa mimi. "Nisomee."

Nikasoma barua yangu mwenyewe ya posa. Salamu, sifa za ukoo, heshima kwa wazazi. Nikafika mahali, nikaishusha barua. "Mzee, hapa mjomba ameandika kwamba kijana wetu ana karakana yake na mafundi watatu. Si kweli. Karakana ina mwenyewe. Mimi ni mmoja wa hao mafundi watatu."

Jikoni nikasikia mtu amebana kicheko.

"Endelea," akasema mzee. Nikaendelea mpaka mwisho, na kila penye chumvi nikaitaja. Nilipomaliza akamgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Wasemaje?"

"Mimi nilishasema zamani," Zaina akajibu. "Tulikuwa tunakungoja wewe, baba."

Basi ndiye huyu mama unayemwona anakupakulia ugali. Na mzee tuliishi naye jirani mpaka Mungu alipomchukua. Kila mashindano nilimwangalizia, kila siku nilimsomea, na palipokuwa hapasomeki nilimwambia hapasomeki.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Bishaneni kuhusu timu, ndio ujana. Lakini mtu akikutuma ukamwangalizie kitu, iwe mchezo, iwe shamba, iwe mgonjwa, mpelekee ulichokiona, na pale usipoelewa umpelekee huko kutoelewa kwako kama kulivyo. Usimzibie pengo kwa maneno yako. Yupo anayeishi kwa macho yako, na huenda hakukwambia.

Nenda salama. Mungu akupe macho yanayotosha safari zako, akupe na mtu ambaye unaweza kumwambia "hapa sikuelewa", akusogezee kiti badala ya kukucheka. Na siku moja ukimjua yule mfupi wa jezi tofauti, njoo uniambie, nikamweleze mzee kaburini kwake.