Tone la Damu Katika Maji ya Twagirimana

Saa moja asubuhi, mwaka 1957. Twagirimana anapima chumvi: gramu tisa kwa kila lita ya maji safi. Anaitazama mizani, anapunguza punje chache, anaitazama tena.

"Dokta anasema mi iko polepole sana," anasema bila kuinua macho. "Aseme tu."

Katika zahanati hii ya Gisenyi, karibu na Nengo, msaidizi huyu wa miaka thelathini na mmoja ndiye anayetengeneza maji ya kutundikia wagonjwa, yanayoingia mshipani. Ameifanya kazi hiyo miaka sita. Tangu Machi, haifanyi tena kwa amani.

Siku moja ya mwezi huo Hitimana, mkulima wa Busasamana, alimleta mkewe Nyirahabimana kwa machela. Mama huyo alikuwa ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani. Daktari alikuwa safarini.

Kabatini zilibaki chupa mbili. Moja ilikuwa ya maji ya chumvi, nyingine ya maji matupu ya kuyeyushia dawa. Mvuke wa kuchemshia ulikuwa umebandua karatasi za majina yake.

Kukosea chupa ni kuua. Chembe nyekundu ya damu imefunikwa na utando mwembamba, na ndani yake mna chumvi. Maji hupenya utando huo yenyewe, bila kusukumwa, kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Chembe ikizungukwa na maji matupu huvimba, kisha hupasuka.

"Munganga, unangoja nini? Bibi yangu anakufa!" alilia Hitimana.

"Vumilia kidogo, baba. Nikikosea, ni mi namuua."

Alionja tone kutoka kila chupa. Mdomo ulikuwa umekauka kwa hofu, hakuuamini ulimi wake. Ndipo akakumbuka jambo alilowahi kuonyeshwa na daktari. Kwa sindano safi alivuta maji kidogo ya kila chupa, akayatia katika vikombe viwili vidogo vya kioo. Akajichoma kidole, akadondosha damu katika kila kimoja.

Maji ya kioo cha kwanza yaligeuka mekundu, maangavu kabisa. Chembe zilikuwa zimepasuka. Ya kioo cha pili yalibaki na ukungu: chembe zilikuwa nzima. Akaitundika chupa ya pili.

"Nilikosa mushipa mara mbili," anakumbuka.

Saa tisa alasiri Nyirahabimana alifumbua macho, akaomba uji.

Wengi wangejivuna. Yeye hofu imemganda. Wiki iliyopita alifika nyumbani Mbugangari mara tatu, na mara zote akarudi mbio kukagua kabati. Sasa kila chupa anaifunga kibati chenye jina kwa waya.

Ameomba nafasi ya kusomea kazi ya maabara huko mjini Astrida. Jibu bado.

"Bon, wakinikubali, nitaangalia katika darubini," anasema. "Hizo chembe nimezitengenezea maji miaka sita, na sijaona hata moja."