Taa Iliyounganishwa Kuanzia Kulia

Mwaka ule mji wetu wa Palma haukutulia. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, na kila mgeni aliyeshuka garini na kofia ngumu tulimfuata kwa macho, tukijiuliza kama ndiye mwenye kazi. Nami sikutulia. Nilikuwa msaidizi katika kozi ndogo ya umeme iliyofunguliwa kwa watu wa wilaya. Mkufunzi mwenyewe alitoka kusini ya nchi. Yeye alisema Kireno, mimi nikarudia kwa Kiswahili kwa wale ambao Kireno chao kiliishia kwenye salamu.

Wanawake walikuwa wachache. Aliyenikosesha usingizi alitoka kijiji cha Mute, mama wa mtoto mmoja. Shule ya serikali aliipitia tu, madrasa aliimaliza. Waliofaulu mtihani wa vitendo wangepelekwa Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu, kusomea ufundi kamili, na huko ndiko kampuni zingetafuta watu. Mumewe alikwisha mwambia: ukikosa hii, rudi shambani, nisisikie tena habari za waya.

Asubuhi ya mtihani mkufunzi alichora ubaoni: mstari, swichi, taa, mstari. Hakuandika herufi hata moja. Kila mtu akaunganisha mezani pake.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Waya wa moto hupita kwanza kwenye swichi, ndipo uifikie taa, ili ukizima, moto ukatike kabla ya kufika. Ukiiweka swichi upande wa kurudi, taa itawaka na kuzimika vilevile. Lakini hata ukizima, moto bado umekaa kwenye holda, unamngoja atakayebadilisha balbu.

Taa ya yule mama iliwaka kabla ya zote.

"Mama wa Mute, wewe umeshaolewa na umeme," kijana wa meza ya pili akamtania.

"Na wewe bado unachumbia," akajibu bila kuinua uso.

Mkufunzi akazima swichi, akaigusisha kwenye holda testa, kile kipimo kinachong'aa kikikuta moto. Testa ikang'aa.

"Amekosa. Anayefuata."

Nilimwendea kabla hajafungua waya. "Dada, ulianzia wapi?"

"Mwanzoni." Akanionyesha ubaoni, mwisho wa mchoro upande wa kulia. "Hapa. Kisha nikaja huku." Kidole kilitembea kwenda kushoto bila kusita, kama mtu anayefuata aya.

Nikamweleza mkufunzi.

"Mchoro husomwa kutoka kushoto," akasema. "Dunia nzima inajua."

"Wengi humu wamejifunzia kusoma kwenye msahafu, kuanzia kulia, bosi. Hawakuambiwa."

"Na kule kwenye gesi nani atawaambia? Mtu atakufa."

Hapo hakukosea, nami sikumbishia. Nilimwomba jambo moja tu: amuulize yule mama taa yake ina kasoro gani. Akakunja mikono, akauliza. Nikatafsiri swali.

Yule mama akawasha, akazima, akaitazama testa. Nje malori yalikuwa yakipita na vumbi likiingia dirishani. Nilitamani kumjibia.

"Swichi imefunga mlango wa kutokea," akasema mwishowe. "Mwizi yumo ndani bado."

Nilitafsiri kama alivyosema. Mkufunzi akafuta ubao, akachora mchoro mwingine wenye taa mbili. Herufi tena hakuna.

"Mara moja tu, hakuna nyingine," akasema.

Yule mama hakugusa bisibisi. "Mwalimu," akaniambia, "muulize moto unaingia upande gani."

Nikageuka na swali lile. Mkufunzi aliutazama mchoro wake kana kwamba umechorwa na mtu mwingine, akachukua chaki na kuweka mshale upande wa kushoto.

Safari hii yule mama alifanya kazi taratibu mno, hata nikatoka jasho mimi. Taa zikawaka. Swichi ikazimwa, testa ikapita kwenye holda moja, ikapita kwenye ya pili, ikabaki giza.

"Pemba," mkufunzi akasema. Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Alipogeuka kuita anayefuata, hakuna aliyesimama. Kwenye meza za nyuma walikuwa wameinamia bisibisi zao, wakifungua waya walizokwisha kaza, macho yao kwenye ule mshale.